Maisha ya Askofu Edward Steere

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria mpaka kuwa daktari, kisha akaingia kazi ya Mungu. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Wakati ule watu walikuwa bado wanauzwa sokoni sawa mbuzi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana waliookolewa katika mashua za watumwa, na aliwafundisha kupiga chapa. Sisi tunaozungusha mashine ya gazeti hili, wino mpaka kwenye viwiko, tulipenda sana habari hiyo.

Kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1870. Alionyesha kwamba nguvu ya sauti inaanguka kwa silabi ya pili toka mwisho. Kwa Kifaransa iko mwisho kabisa, ndiyo maana wengi wetu tunachanganya. Hata maneno mawili yakiungana, sheria ni ile ile: mwana ina nguvu kwa mwa, lakini mwa-na-fu-nzi nguvu inahamia kwa fu. Yako machache yenye kichwa kigumu. Barabara ya magari ina nguvu kwa ba ya pili. Barabara ya kusema sawasawa, kwa ra ya kwanza.

Jambo lililotugusa ni herufi m. Katika mtu, m ni mu iliyofupishwa, tena ni silabi kamili, na nguvu inaikalia yenyewe. Muhula uliopita mwenzetu alisoma Maandiko mbele ya shule yote, akasema mutu na mutoto kama tunavyosemaka nyumbani huku Manika. Tulicheka, na sisi waandishi tulikuwa ndani. Toka siku ile anakataa kusoma. Sasa tumehesabu: mu-to-to silabi tatu, m-to-to silabi tatu, na nguvu ni mahali pamoja. Tulikwenda kumwomba msamaha. Alisikiliza, hakujibu kitu.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ile jiwe la kwanza la kanisa likawekwa palepale. Steere akawa askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi huku akiendelea kufasiri Agano Jipya. Alikufa Unguja mwezi wa Agosti 1882, wakamzika nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo.