Al-Kindi, Aliyehesabu Herufi



Wenzetu wanaosoma kompyuta wanajua kwamba ukitaka kujua neno fulani limetokea mara ngapi katika maandishi, huandiki kila kitu upya. Lugha ya PHP, kwa mfano, ina kazi ndogo ndogo zilizotengenezwa tayari: moja inatafuta neno lipo wapi, nyingine inahesabu limerudiwa mara ngapi, na nyingine, iitwayo count_chars, inakupa idadi ya kila alama moja moja. Wachache kati yetu wanajua kwamba mtu wa kwanza ambaye maandishi yake yametufikia akieleza faida ya kuhesabu herufi namna hiyo alikuwa Mwislamu wa Baghdad, aliyefariki zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Huyo ni Abu Yusuf Ya'qub bin Is-haq al-Kindi. Alizaliwa Kufa karibu na mwaka 801, katika kabila la Kinda. Ukoo wake unafika kwa sahaba al-Ash'ath bin Qays, na baba yake alikuwa gavana wa Kufa. Kwa hiyo hakuzaliwa katika dhiki. Alihamia Baghdad kusoma, na huko akapata nafasi katika baraza la Khalifa al-Ma'mun, kisha la nduguye al-Mu'tasim, aliyempa kazi ya kumfundisha mwanawe Ahmad.

Zama zile vitabu vya Wagiriki vilikuwa vinafasiriwa kwa Kiarabu kwa wingi. Al-Kindi aliwakusanya wafasiri, akawapa kazi, akasahihisha walichokileta. Wapo waliomlaumu kwa kushughulika na elimu ya mataifa mengine. Jibu lake lilikuwa kwamba haki haipungui heshima kwa sababu imetoka kwa watu wa mbali. Lakini hakuwa mtu wa kumeza kila kitu: Aristotle alipodai kuwa ulimwengu hauna mwanzo, al-Kindi alimpinga kwa hoja za kihesabu, akathibitisha kuwa umeumbwa.

Aliandika zaidi ya vitabu na risala 200, kuhusu tiba, nyota, muziki, manukato, panga na hesabu za Kihindi. Nyingi zimepotea.

Risala inayotuhusu leo ni ile ya kufumbua maandishi ya siri. Dola ya Abbasiya ilikuwa pana, na barua za serikali zilisafiri mbali. Mtu akitaka kuficha habari, alibadilisha herufi: badala ya alifu anaweka alama fulani, badala ya lamu alama nyingine. Asiye na ufunguo anaona michoro tu.

Al-Kindi aliona kwamba alama inaweza kubadilishwa, lakini tabia ya lugha inabaki. Kila lugha ina herufi zinazotumika sana na nyingine zinazoonekana kwa nadra. Basi chukua maandishi ya kawaida ya lugha ile ile, marefu ya kutosha, uhesabu kila herufi, uzipange kutoka ya kwanza kwa wingi hadi ya mwisho. Kisha fanya vivyo hivyo kwa alama za barua ya siri. Alama iliyotokea mara nyingi kuliko zote, ilinganishe na herufi ya kwanza, inayofuata na ya pili, na kuendelea. Mwenyewe alihesabu maandishi ya Kiarabu yenye herufi zaidi ya 3,600. Alifu ilitokea mara 600, lamu ikafuata kwa 437. Alihesabu kwa mkono, moja baada ya moja.

Alionya pia kwamba barua ikiwa fupi mno, hesabu hii haitegemeki. Hapo alishauri kutazama maneno ya ufunguzi yaliyozoeleka, na kuzingatia herufi ambazo katika Kiarabu hazikai pamoja katika neno moja. (Anayetaka kurudia jaribio lake kwa count_chars ajihadhari: ile inahesabu baiti, na herufi moja ya Kiarabu katika UTF-8 inachukua baiti mbili. Itakupa majibu ya ajabu. Gawa kwanza maandishi herufi kwa herufi.)

Sasa tuje kwenye mtihani wake. Al-Mutawakkil alipokuwa khalifa, mwaka 847, wana wawili wa Musa bin Shakir, Muhammad na Ahmad, waliokuwa nao wanahesabu hodari, walimfitini al-Kindi. Ibn Abi Usaybi'a, aliyeandika maisha ya matabibu katika karne ya 13, anasimulia kuwa khalifa aliamuru apigwe, na vitabu vyake vyote vikachukuliwa na kuwekwa mahali palipoitwa al-Kindiyya. Pigo la mwili hupona. Lakini kumnyang'anya mwanachuoni maktaba yake ni kumfunga akiwa huru.

Ndugu hao walikuwa wamemweka mbali na khalifa mhandisi mwingine pia, Sanad bin Ali. Kisha wakapewa kazi ya kuchimba mfereji, nao wakamkabidhi al-Farghani. Akakosea kina: mdomo wa mfereji ulikuwa chini kuliko sehemu iliyobaki, na maji yasingepita ila mto Tigris ukijaa. Khalifa alipopata tetesi akamwita Sanad akague, akaapa kuwa ikiwa ni kweli, wana wa Musa watasulubiwa ukingoni mwa mfereji wao.

Wakamwendea Sanad kumwomba awaokoe. Sanad aliwakumbusha kuwa yeye na al-Kindi hawapatani, na kwamba wao wenyewe wanalijua hilo. Lakini dhuluma ni dhuluma. Hatasema neno la kuwasaidia mpaka vitabu virudishwe. Muhammad akavirudisha vyote, na Sanad hakuridhika hadi alipoletewa hati ya mkono wa al-Kindi kuwa amevipokea kamili.

Ndipo akamwambia khalifa kuwa mfereji hauna kosa. Mto ulikuwa umejaa, na maji yangeficha aibu kwa miezi minne. Al-Mutawakkil aliuawa mwaka 861, kabla maji hayajapungua.

Al-Kindi alifariki Baghdad karibu na mwaka 873, Mwenyezi Mungu amrehemu. Risala yake ya herufi ilikaa karne nyingi bila kujulikana, hadi nakala yake ilipopatikana katika maktaba ya Süleymaniye mjini Istanbul. Ilichapishwa Damascus mwaka 1987.