Mufalme Albert: kamba ilikuwako, mwenzake hakuwako

Wazee wetu wangali wanaita Kalemie kwa jina la zamani, Albertville. Na Lubumbashi yetu iliitwa Elisabethville. Ile majina mbili ilitoka kwa mufalme wa Ubelgiji, Albert wa Kwanza, na bibi yake Elisabeth. Namna utawala wa wakati ule ulichukua watu kwa nguvu ku kazi, kila jamaa huku inaijua, hatuisahau. Lakini leo tunaeleza maisha yake ku milima na namna alikufa, sababu mutu wa mine anaweza kupata fundisho pale.

Albert alizaliwa Bruxelles tarehe 8 Aprili 1875. Katika 1909, mbele ya kuwa mufalme, alitembelea Congo. Aliingia Katanga kwa upande wa kusini, akitokea Cape Town. Reli ilikuwa haijafika Lubumbashi bado. Mwisho wa ule mwaka muzee Léopold wa Pili akakufa, na Albert, mutoto wa ndugu yake, akachukua kiti. Vita ya 1914 ilipokuja, alibaki na waaskari wake karibu na muto Yser mupaka mwisho.

Kitu alichopenda sana ni kupanda milima. Alikwenda ku Alpes na ku Dolomites, kule Italia, pamoja na watu waliojua ile kazi, kama Tita Piaz. Juu ya Chamonix, Ufaransa, kuko nyumba ya wapanda milima yenye jina lake, karibu metre 2.700. Mupaka leo watu wanapanda kule kwa makundi.

Ku milima mirefu watu wanatembea namna hii. Wanaondoka usiku na taa, sababu jua likipanda teluji inalegea na mawe yanaanza kuanguka. Wanajifunga kamba moja, wawili ao watatu. Mumoja anapanda, mwenzake anasimama imara, anashika kamba. Wa kwanza akiteleza, wa pili anamuzuia. Na mwendo wa kundi ni mwendo wa yule anayechoka mbele ya wengine. Mufalme ao mutumishi, ku kamba wote ni sawa.

Miaka mingi Albert alitembea vile, na alirudi nyumbani kila mara.

Siku ya posho, 17 Februari 1934, alikuwa na miaka 58. Alikwenda Marche-les-Dames, karibu na Namur. Pale hapana mulima mukubwa, ni mawe tu yanayosimama kando ya muto Meuse. Alikuwa ameyapanda mara mingi. Alikuja na mutumishi mumoja tu, akamwacha karibu na motokari, akamwambia atarudi kisha wakati mufupi. Akapanda peke yake.

Saa ikapita, hakurudi. Mutumishi akatafuta, akaita, hakuna jibu. Kisha akakwenda kuomba musaada. Watu wakatafuta na taa, na karibu saa nane ya usiku wakakuta maiti yake chini ya mawe, kichwa kimepasuka. Kamba alikuwa nayo. Mwenzake wa kuishika njo hakuwako.

Na sababu hakuna mutu aliyeona, maneno ikawa mingi: wengine walisema aliuawa, wengine walisema maiti ililetwa pale kisha. Ilibidi kungojea 2016, miaka zaidi ya 80, wenye elimu wapime damu ya majani yaliyookotwa pale na kuhakikisha kama ilikuwa yake kweli.

Sisi tunaoishi na mine tunasikia ile habari kwa masikio ingine. Ni wangapi wanashuka peke yao, sababu shimo wanalijua, sababu ni saa moja tu, sababu wenzao wamekwisha kurudi nyumbani? Jiwe halijui kama wewe ni fundi wa zamani. Ndugu muchimbaji, kesho mbele ya kushuka, mutu mumoja abaki juu, ajue ni wewe uko ndani, na ajue saa ya kuanza kukutafuta. Na ninyi wamama, muulize ile jina asubui, mbele aondoke ku nyumba.