Mwalimu Nyerere na karatasi ya Mgololo

WENGI humkumbuka Mwalimu Julius Nyerere kwa siasa. Wenye biashara ya mbao na karatasi Nyanda za Juu Kusini wana sababu nyingine: Mgololo, wilayani Mufindi, Iringa.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu hadi mwaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU. Mtu aliyeshika chaki anajua bei ya daftari. Kampeni ya elimu ya watu wazima, kisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, ziliongeza mahitaji ya karatasi, na karatasi ilinunuliwa nje kwa fedha za kigeni.

Miti ilikuwepo. Sao Hill, ambako majaribio yalianza mwaka 1939, serikali yake ilipanda misindano kwa wingi hadi likawa shamba la miti kubwa kuliko yote nchini. Reli ya TAZARA nayo ilikwishapita Makambako na Mbeya kuelekea Zambia. Ndipo likajengwa shirika la Southern Paper Mills kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, likikusudiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Mitambo ilianza kazi katikati ya miaka ya 1980, Mwalimu aking'atuka.

Hesabu zilikataa. Madeni yalikuwa ya fedha za kigeni huku shilingi ikishuka thamani. Dawa za kupikia magogo na vipuri vilitoka nje. Kwa maoni yetu, kiwanda kilikuwa kikubwa mno kwa soko la wakati ule. Miaka ya 1990 kilisimama, na mwaka 2004 kikauzwa kwa Rai Group ya Kenya, kikaitwa Mufindi Paper Mills.

Kimazingira, miti ya kupandwa imepunguza shoka katika misitu ya asili. Lakini kiwanda cha namna hii hutumia maji mengi, na majitaka yasiposafishwa vyema, wa bondeni ndio huumia.

Mwalimu alifariki London, Oktoba 14, 1999. Wanavijiji wa Mufindi na Njombe siku hizi wanapanda misindano yao wenyewe, ingawa wengine huiuza ikiwa michanga, ada ya shule inapobisha hodi.