Pierre Curie na Sumaku

Wengi wetu humjua Curie kwa habari za radiumu, na humjua zaidi mkewe Marie kuliko yeye. Lakini kabla ya radiumu alikwisha fanya kazi nyingine, nayo yatuhusu sisi wa Rukoki. Machimbo ya Kilembe hayakutoa shaba tu. Katika mabaki yake mlikuwa na kobalti, na kuanzia mwaka 1999 kiwanda cha Kasese kiliitoa humo. Shaba haivutwi na sumaku, kobalti huvutwa kama chuma.

Curie alizaliwa Paris tarehe 15 Mei 1859, mwana wa daktari. Akili yake haikuwa na haraka. Akishika jambo hakuliacha mpaka amelimaliza. Baba yake aliona kwamba darasani asingefaulu, akamsomesha nyumbani. Hata hivyo alipata digrii yake ya kwanza akiwa na miaka 18 tu!

Mwaka 1882 akapata kazi katika shule mpya ya fizikia na kemia mjini humo. Mshahara ulikuwa mdogo, wala hakupewa chumba cha utafiti. Basi vyombo vyake akaviweka katika ujia karibu na ngazi. Hapo akaunda mizani nyepesi mno, akawa anatia vitu motoni na kupima jinsi sumaku inavyovivuta.

Akaona kwamba chuma kikipashwa moto nguvu yake ya sumaku hupungua, na kufikia digrii 770 hivi karibu yote imekwisha. Nikeli hushindwa mapema, kwenye digrii 358 hivi. Kobalti huvumilia mpaka kupita 1,100. Kiwango hicho cha joto huitwa kwa jina la Curie mpaka leo. Akapima na oksijeni, ambayo nayo huvutwa kidogo, akakuta kwamba joto likizidi, mvuto hupungua kwa kadiri. Sababu yake ilielezwa mwaka 1905 na Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wake katika shule ile ile: kila molekuli ya oksijeni ni sumaku ndogo, na joto huzivuruga zisielekee upande mmoja.

Kazi hiyo ilimpa udaktari mwaka 1895. Mwaka huo huo akamwoa Marie, wakaenda matembezi ya arusi kwa baiskeli. Mwaka 1903 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henri Becquerel. Serikali ilipotaka kumpa nishani alikataa. Alichohitaji ni maabara.

Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, alianguka akivuka barabara, gari la farasi likamkanyaga, akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 46, na maabara ile ilikuwa bado haijajengwa.