SEN NO RIKYU: MWALIMU WA CHAI ALIYEWAINAMISHA WAKUBWA

Mpenzi msomaji, sisi hapa shuleni chai tunaigida tu. Kengele ya mapumziko ikilia tunakimbilia foleni na vikombe vyetu, na kufumba na kufumbua tumerudi darasani. Basi huenda ukacheka ukiambiwa kwamba huko Japani kumwandalia mgeni chai ni somo kamili, lina walimu wake, na mtu aweza kulisomea maisha yake yote. Lakini usicheke sana. Mwalimu mkubwa kuliko wote wa somo hilo aliuawa kwa sababu ya mtawala aliyekuwa mwanafunzi wake. Jina lake ni Sen no Rikyu.

Rikyu alizaliwa mwaka 1522 katika mji wa Sakai, bandari ya matajiri karibu na Osaka. Babake alikuwa mfanyabiashara mwenye maghala ya samaki. Kijana alipelekwa kujifunza sanaa ya chai mapema, kwanza kwa Kitamuki Dochin, halafu kwa Takeno Joo. Isitoshe, alijifunza dini ya Kibudha ya Zen katika hekalu la Daitokuji mjini Kyoto.

Chai yenyewe si hii yetu ya maziwa na sukari. Ni majani mabichi yaliyokaushwa na kusagwa yakawa unga wa kijani. Unga huo hutiwa bakulini, ukamiminiwa maji ya moto, kisha ukapigwapigwa kwa kichokoo cha mwanzi kilichochanwa nyuzi nyembamba mpaka utoe povu.

Siku hizo Japani ilikuwa na mfalme, lakini nguvu hazikuwa mikononi mwake. Wakuu wa vita ndio waliotawala, na walipigana miaka nenda miaka rudi. Kwao chai ilikuwa mahali pa kuringia mali. Walishindana kununua vyombo vya thamani kutoka Uchina, na jemadari aliyeshinda vita aliweza kutuzwa chombo cha chai kana kwamba ametuzwa shamba.

Rikyu aliyageuza mambo hayo juu chini. Badala ya vyombo vya fahari, alimtumia Chojiro, fundi wa vigae vya nyumba, amfinyangie mabakuli meusi na mekundu kwa mikono mitupu, bila gurudumu. Chombo cha kutilia maua alikikata mwenyewe kutoka kwenye mwanzi. Chumba cha chai nacho alikifanya kidogo kabisa. Kipo hadi leo chumba kiitwacho Taian, huko Yamazaki karibu na Kyoto, kinachosemekana kuwa ni kazi yake. Ukubwa wake ni mikeka miwili tu, takriban mita 2 kwa mita 2.

Sasa sikiliza ajabu ya mlango wake. Haufiki mita 1 kwenda juu! Anayeingia hana budi kuinama na kujikokota kwa magoti, awe mchuuzi, awe jemadari. Upanga hauingii, huachwa nje. Humo ndani wote huketi sawa juu ya mkeka mmoja. Kwa mlango huo Rikyu alifundisha unyenyekevu bila kutoa hotuba.

Sifa zake zilimfikia Oda Nobunaga, mkuu wa vita aliyeiteka Sakai, naye akamfanya mmoja wa walimu wake wa chai. Nobunaga alipokufa mwaka 1582, utawala uliangukia kwa Toyotomi Hideyoshi, mtu aliyezaliwa katika nyumba ya watu wa chini akapanda ngazi mpaka juu kabisa. Hideyoshi alimpenda Rikyu mno. Mwaka 1585 alimwandalia mfalme chai katika jumba la kifalme, na Rikyu akamsaidia. Ni wakati huo alipopewa na mfalme jina hili la Rikyu tunalomjua nalo. Mwaka 1587 wakaandaa karamu kubwa ya chai huko Kitano, Kyoto, wakaalikwa hata wakulima na wachuuzi. Watu wakubwa walianza kumpitia Rikyu ili neno lao lifike kwa mtawala.

Hata hivyo, wawili hawa walikuwa kama maji na mafuta. Wakati mwalimu anasifu bakuli jeusi la udongo, mwanafunzi alijitengenezea chumba cha chai kilichofunikwa dhahabu. Inasimuliwa kwamba Hideyoshi alisikia bustani ya Rikyu imejaa maua yanayochanua asubuhi, akaenda kuyaona. Lo! Akakuta yote yamekatwa. Akaingia ndani amekasirika, na humo akaliona ua moja tu ndani ya chombo. Mwalimu alitaka alitazame hilo moja kwa dhati.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukicheza na simba, usimtie mkono kinywani. Mwaka 1590 Hideyoshi aliamuru Yamanoue Soji, mwanafunzi wa Rikyu, auawe. Mwaka uliofuata zamu ikamfikia mwalimu mwenyewe. Alishtakiwa kwamba sanamu yake imewekwa juu ya lango la Daitokuji, lango alilogharimia yeye, hivi kwamba mtawala akipita hapo anapita chini ya miguu yake. Pia ilidaiwa kuwa aliuza vyombo vya chai kwa bei ya kupindukia. Wanahistoria bado wanabishana juu ya sababu ya kweli.

Rikyu alifukuzwa Kyoto, akarudishwa Sakai kwa mashua. Wale wakubwa waliokuwa wakijazana mlangoni kwake, wapi! Wote waliingia mitini. Wanafunzi wawili tu, Furuta Oribe na Hosokawa Tadaoki, ndio waliothubutu kwenda mtoni kumuaga. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, au sivyo? Kisha aliitwa tena Kyoto, na mwezi wa Aprili 1591, akiwa na umri wa karibu miaka 70, akalazimishwa kujiua. Sanamu yake nayo iliteremshwa, ikatundikwa hadharani kwenye daraja.

Je, hadithi ikaishia hapo? La hasha! Baada ya miaka michache Hideyoshi mwenyewe aliiruhusu familia ya Sen irudi kazini. Mjukuu wa Rikyu, Sotan, aliendeleza mafunzo, na wana watatu wa Sotan wakaanzisha shule tatu za chai: Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke. Zote zingali hai mjini Kyoto, zaidi ya miaka 400 tangu babu yao afariki. Utawala wa ukoo wa Hideyoshi ulikwisha mwaka 1615, lakini watu wangali wanainama kwenye ule mlango mdogo.

Basi ndugu msomaji, mwenye nguvu aweza kumuua mwalimu, ila somo lililokwisha kuingia kwa wanafunzi haliwezi. Nasi tujiulize: siku mwalimu wetu akipatwa na shida, tutakuwa miongoni mwa wale waliokimbia, au wale wawili waliokwenda mtoni?