Carl Auer, mkemia aliyezitenganisha metali pacha

WALIOKULIA katika nyumba zisizo na umeme wanaikumbuka karabai: tangi la mafuta ya taa, pampu ya kujazia upepo, na kile kifuko cha kitambaa ambacho kikishaungua hubaki jivu jeupe lenye mwanga mkali. Ole wake aliyekigusa kwa kidole, maana kilisambaratika na usiku ukaharibika.

Kifuko hicho asili yake ni kazi ya Carl Auer von Welsbach, mkemia aliyezaliwa Vienna, Austria, Septemba 1, 1858. Baba yake, aliyeongoza kiwanda cha uchapaji cha dola, alifariki Carl akiwa hajatimiza miaka 11.

Mwaka 1880 alikwenda Heidelberg, Ujerumani, kusoma kwa Robert Bunsen, na huko akavutiwa na madini adimu. Jina hilo linapotosha kidogo. Seri, mojawapo ya metali hizo, inakaribia shaba kwa wingi ardhini. Tatizo ni kwamba metali hizo hukaa pamoja katika mawe yale yale, na tabia zake zimelandana mno kiasi cha kumtatiza anayetaka kuzitenganisha.

Tangu 1841 wakemia walikuwa wakiihesabu didimi kuwa elementi moja. Auer aliiyeyusha chumvi yake, akaiacha igande kuwa fuwele, akatenga zilizotangulia kuganda, kisha akairudia kazi hiyo mara nyingi mno. Mwaka 1885 alibaki na chumvi mbili: ya kijani, aliyoipa jina la praseodimi, na ya rangi ya waridi iliyokoza, neodimi.

Mwaka huo huo aliomba hataza ya kifuko cha taa ya gesi. Biashara haikwenda vizuri. Mwanga ulikuwa wa kijani, vifuko vilivunjika ovyo, na mwaka 1889 kiwanda kilifungwa. Hata hivyo hakuiacha maabara, na mwaka 1891 alipata mchanganyiko uliofaa: asilimia 99 oksidi ya thori, asilimia 1 oksidi ya seri. Umeme ulikuwa umeanza kuyatishia makampuni ya gesi. Kifuko hicho kikayaongezea uhai.

Thori hutoa mionzi, jambo ambalo mwaka 1891 halikujulikana na mtu yeyote. Siku hizi watengenezaji wengi wameiacha.

Thori hiyo ilichujwa katika mchanga wa monaziti, nayo seri ikarundikana kama taka. Auer aliichanganya na chuma, na mwaka 1903 akapata hataza ya jiwe litoalo cheche. Ndilo lililomo katika viberiti vya gesi vya gurudumu, vinavyouzwa katika kila kioski.

Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza balbu ya umeme yenye uzi wa osmi. Alifariki Agosti 4, 1929, katika kasri lake huko Carinthia.

Neodimi yenyewe ilitumika kwa muda mrefu kutia vioo rangi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Japan na Marekani waliichanganya na chuma na boroni, wakapata sumaku zenye nguvu kubwa ambazo leo zimo katika spika, magari ya umeme na mitambo ya upepo. Hapa Tanzania, mwamba wa Ngualla mkoani Songwe una akiba ya metali zote mbili. Ajabu ni kwamba watengenezaji wengi wa sumaku hununua neodimi na praseodimi zikiwa bado zimechanganyika.