Mackinnon: Wakala wa meli aliyekabidhiwa nchi

WASAFIRI wa barabara ya Nairobi-Mombasa hupita mji mdogo wa Mackinnon Road, ambao wengi huujua kwa msikiti ulio kando ya reli. Ni wachache wanaojiuliza Mackinnon alikuwa nani. Hakuwa gavana wala mwanajeshi, bali mtu wa shehena.

William Mackinnon alizaliwa Machi 31, 1823 mjini Campbeltown, Scotland. Mwaka wa 1847 alifika India na kushirikiana na Robert Mackenzie, mtu wa kwao. Kampuni yao ya Mackinnon Mackenzie ilifanya kazi ambayo hata leo ndiyo riziki ya mawakala wengi wa Mombasa: kupokea bidhaa za mwenyewe, kuzitafutia nafasi melini, kuandaa hati zake na kuhakikisha zimefika kwa anayezingojea ng'ambo.

Hatimaye alitaka meli zake mwenyewe. Mwaka wa 1856 alianzisha kampuni ya meli za mvuke kati ya Calcutta na Burma, ambayo mnamo 1862 iliitwa British India. Siri ya ufanisi wake ilikuwa zabuni za serikali za kubeba barua na askari. Malipo hayo yalikuwa ya uhakika, hivyo meli iliweza kung'oa nanga kwa tarehe iliyotangazwa hata kama ghala lake halijajaa.

Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka wa 1869, alielekeza macho Afrika Mashariki. Mwaka wa 1872 meli zake zilianza kubeba barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Mfanyabiashara wa Unguja, aliyezoea kungojea upepo wa kaskazi na kusi, sasa aliweza kupanga usafirishaji wa pembe na karafuu kwa kalenda. Kampuni ya Smith Mackenzie ikawa wakala wake kisiwani.

Uwezo wa mawakala hao ulidhihirika mwaka wa 1887, Stanley alipokwenda kumwokoa Emin Pasha. Mackinnon ndiye aliyeongoza kamati ya safari hiyo. Smith Mackenzie waliajiri wapagazi zaidi ya 600, nayo meli ya Madura ikawachukua, pamoja na Tippu Tip, kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa mto Congo. Kama kazi ya uwakala, mpango huo haukuwa na dosari. Hata hivyo, wapagazi waliorejea Zanzibar hawakufika nusu.

Mwaka huohuo Sultan Barghash alimpa haki ya kusimamia pwani ya Kenya, na mnamo Septemba 1888 kampuni yake ya Imperial British East Africa ikapata hati ya kifalme. Hapo ndipo hesabu zake zilipoanza kumgeukia. Baharini, tani moja ya mzigo ilikuwa jambo dogo. Kutoka Mombasa hadi Uganda, tani hiyo ilihitaji wapagazi zaidi ya 30, kila mmoja na kilo 30 hivi kichwani, nao walipaswa kulishwa na kulipwa kwa miezi kadhaa. Ni pembe za ndovu tu zilizoweza kustahimili gharama kama hiyo.

Barabara iliyobeba jina lake ilianza kujengwa mwaka wa 1890 ili kupunguza mzigo huo, lakini haikutosha. Kampuni ilijiondoa Uganda Machi 1893. Mackinnon alifariki London Juni 22 mwaka huo, bila kuacha mtoto.

Mnamo 1895 serikali ya Uingereza ilitwaa eneo hilo na wenye hisa wakalipwa pauni 250,000. Kati ya hizo, pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Sultan wa Zanzibar, ambazo alikuwa amelipwa na Wajerumani kwa kupoteza pwani yake ya kusini. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka uliofuata.